Sanduku la Funguo Tatu: Kuongoza Chama Kidogo Wakati Watu Wametawanyika

Mazungumzo ya amani yaliyosomwa redioni, yakachapwa kwa ajili ya familia zilizokimbia makwao na kwa viongozi wa mitaa

 

Leo tutazungumza juu ya chama. Pengine mtu atauliza: chama cha akina mama ishirini wanaoshona nguo, au cha vijana wanaofundisha watoto waliokosa shule, kinahusu nini na amani? Kinahusu sana, ndugu. Amani inaanza mahali ambapo watu wanakaa pamoja, wanaweka fedha pamoja, wanachagua mkubwa wao na kumpa mtu kazi. Mahali hapo hapo ugomvi nao unaweza kuota.

Kwa nini chama ni jambo la amani

Mnafahamu historia ya mji wetu. Bunagana iko mpakani, katika eneo la Rutshuru, utawala wa jadi wa Bwisha, na ng'ambo ni Kisoro ya Uganda. Mwezi wa saba 2012 kundi la M23 liliuteka mji, na jeshi la serikali likarudi mwishoni mwa mwezi wa kumi 2013. Tarehe 13 mwezi wa sita 2022 M23 iliingia tena. Kila mara maelfu ya watu walivuka mpaka. Wengi walipokelewa Nyakabande, karibu na Kisoro, na baadhi wakapelekwa Nakivale na makao mengine ya wakimbizi ndani ya Uganda. Wengine walishika njia ya Rutshuru wakafika Goma, wakaishi Kanyaruchinya, Bulengo au Lushagala, mpaka kambi hizo zilipobaki tupu mwezi wa pili 2025.

Katika safari hizo watu walipoteza mashamba, mbuzi, mabati na maduka. Lakini mazoea ya kukusanyika hayakupotea. Familia kumi zikifika mahali pageni, kwanza zinatafuta maji na kuni. Baada ya siku chache utasikia kwamba kuna likelemba, kuna kikundi cha kuzikana, kuna kamati ya wajane, kuna vijana wanaocheza mpira. Hivyo vyote ni vyama. Vingine vinakua, vinaandika statuti, vinaomba karatasi za serikali, vinapata mfadhili. Hapo ndipo shida inapoingia.

Tuchukue mfano wa kufikiri tu. Kuna chama cha watu thelathini. Rais wa chama ndiye aliyekianzisha. Yeye ndiye anayejua Kifaransa na kuandika mradi. Simu yake ndiyo inayopokea fedha, na muhuri wa chama unalala ndani ya mfuko wake. Mfadhili anatoa dola 3,000 kufundisha wasichana kushona kwa miezi sita. Rais anamweka mdogo wake kuwa mwalimu, na shemeji yake kuwa mlinzi wa vyombo. Labda wote wawili ni wafanyakazi hodari. Labda hakuna hata franga moja iliyoibiwa. Lakini wanachama hawakuulizwa, hawakuonyeshwa daftari, wala hawajui mshahara ni kiasi gani. Mwezi wa tatu cherehani moja inapotea na watu wanaanza kunong'ona. Mwezi wa tano mnong'ono umepata jina la kabila: "Wale ndio waliokula." Mwezi wa sita mradi umekwisha, chama kimepasuka vipande viwili, na mama wawili waliokuwa wakichota maji pamoja hawasalimiani tena.

Hakuna aliyepiga risasi hapo. Hata hivyo, siku mchochezi akipita akitafuta watu wa kumfuata, atakuta kuni zimekwisha kukauka.

Sanduku ambalo mama zetu wanalijua

Dawa ya shida hiyo haiko mbali. Mama zetu wengi wanaijua, maana wanaitumia kila juma katika vikundi vya kuweka na kukopa, vile tunavyoviita AVEC. Vikundi vya namna hiyo vilianza mwaka 1991 huko Maradi, katika nchi ya Niger, kwa msaada wa shirika la CARE, kisha vikaenea Afrika nzima mpaka Kivu.

Kikundi kina watu kati ya kumi na tano na ishirini na watano. Kina sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinashikwa na watu watatu mbalimbali, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne asiye na ufunguo hata mmoja. Halifunguliwi usiku, wala nyumbani kwa mtu. Linafunguliwa siku ya mkutano, mbele ya wote. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, kila mmoja anasikia, hata yule asiyejua kusoma anakumbuka hesabu ya juma lililopita. Na mwisho wa mzunguko, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja, fedha zinagawanywa na kamati inachaguliwa upya.

Angalieni hekima iliyo ndani ya jambo hilo. Hakuna anayemwambia mwenye ufunguo kwamba ni mwizi. Kufuli tatu zinamlinda yeye mwenyewe. Siku fedha zikipungua hakuna atakayemnyoshea kidole peke yake, na siku ndugu yake akija kumsihi amkopeshe kwa siri, atajibu kwa moyo mweupe: "Siwezi, ndugu yangu, funguo nyingine ziko kwa wenzangu."

Shauri letu la leo ni hili: jinsi mnavyofunga sanduku la fedha, fungeni hivyo hivyo chama kizima. Kuna ufunguo wa kiti, kuna ufunguo wa kazi, kuna ufunguo wa daftari. Zote tatu zikikaa mkononi mwa mtu mmoja, chama hicho ni mali yake, hata kama statuti zinasema vingine.

Ufunguo wa kwanza: kiti

Vyama vyetu vingi vina mama mmoja au baba mmoja aliyevizaa. Ndiye aliyelala njaa ili chama kisimame. Ndiye aliyegonga milango ya ofisi mpaka viatu vikaisha. Mtu huyo anastahili heshima. Lakini heshima ni kitu kimoja, na kiti cha milele ni kitu kingine. Mwanzilishi akiugua, chama kinaugua. Akikimbilia Uganda, chama kinavuka mpaka pamoja naye. Akifa, wanachama wanabaki na muhuri tu, au hata muhuri hawauoni.

Hapa Goma tuna mfano ulio mbele ya macho yetu. Daktari Jo Lusi na mkewe Lyn Lusi walianza kwa kuwafundisha madaktari wa mahali, ili ujuzi usiwe wa wageni peke yao. Mwaka 2002 moto wa Nyiragongo uliteketeza hospitali yao. Ikajengwa tena, na leo inajulikana kwa jina la HEAL Africa. Mama Lyn alifariki mwezi wa tatu 2012. Hospitali haikufungwa. Ilikuwa na madaktari, wauguzi na wasimamizi waliokwisha kufundishwa na kupewa madaraka. Chama chenu si hospitali, ni kweli. Lakini somo ni lile lile kwa mkubwa na kwa mdogo: anayewafundisha wengine kazi yake amekipa chama maisha marefu kuliko yake.

Fanyeni nini basi? Kwanza, wekeni muda wa kiti. Miaka miwili au mitatu inatosha, na andikeni ni mara ngapi mtu anaweza kuchaguliwa tena. Pili, rais wa chama asiwe pia mweka hazina, wala mratibu anayelipwa mshahara asiwe pia msimamizi wa mkutano unaopima kazi yake. Tatu, mpeni mwanzilishi nafasi ya mshauri siku anapotoka katika kiti. Mtu akiona kwamba akishuka atasahauliwa, hatashuka. Mkimwandalia mahali pa kukaa kwa heshima, atashuka kwa amani.

Sheria ya nchi yetu inasaidia. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa saba 2001 ndiyo inayoongoza vyama visivyo vya faida, vile vya asbl. Kwa sheria hiyo, mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya juu, na wanachama hawagawani faida. Basi mkutano mkuu usiwe siku ya soda na picha tu. Ni mkutano huo unaomwajibisha aliye katika kiti.

Kuna neno moja zaidi juu ya kiti, nalo ni gumu. Katika Kivu watu huangalia kiti kinakaliwa na mtu wa lugha gani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 viongozi wa jamii za Kivu Kaskazini walikaa pamoja katika Barza ya jamii, kila jamii ikiwa na mjumbe wake, na kwa miaka kadhaa walizima magomvi mengi ya ardhi na ya mauaji. Katikati ya miaka ya 2000 Barza ile ilipasuka, kwa sababu siasa iliingia na viti vikawa ngazi ya wakubwa. Tunajifunza mambo mawili. Kuwa na watu wa lugha mbalimbali katika kamati ni jambo jema, na lifanyeni. Lakini mjumbe akikaa pale kwa kulinda kabila lake tu, kamati inageuka uwanja wa mashindano. Mchagueni mtu kwa kazi anayoweza, kisha muangalie kama kamati nzima inafanana na watu mnaowatumikia. Mkiona jamii moja haimo kabisa, jiulizeni ni kwa nini, wala msingoje wao waulize.

Ufunguo wa pili: kazi

Sasa tuje kwa wafanyakazi. Hapa chama kidogo kinaumia kuliko mahali pengine pote, maana hakina fedha za kutosha. Mtu mmoja ni mhasibu, dereva na mwandishi. Vijana wanajitolea kwa miezi mingi bila posho, huku wakiona mratibu anapata yake. Mmoja mkimfundisha vizuri, shirika kubwa linamchukua kwa mshahara mara tatu. Na wengi wa hao wafanyakazi nao ni wakimbizi wa ndani: asubuhi anaandika majina ya wenye njaa, jioni anarudi kwenye hema lake na watoto wake hawajala.

Tuanze na namna ya kuajiri. Si dhambi ndugu wa kiongozi kupata kazi. Kosa ni kupata kazi gizani. Andikeni kazi ni ipi, inadai nini, inalipa kiasi gani. Bandikeni karatasi hiyo mahali pa wazi: penye maji, mlangoni pa kanisa na pa msikiti, ofisini kwa mkuu wa mtaa. Watu watatu wawasikilize waombaji, na yule mwenye ndugu kati ya waombaji atoke chumbani. Kisha someni matokeo mbele ya wanachama. Ndugu wa kiongozi akishinda kwa njia hiyo, atafanya kazi yake kichwa juu.

Pili, ni maneno ya mkataba. Wengi tunapeana kazi kwa mdomo. Mradi ukiisha, mfanyakazi anasema aliajiriwa, chama kinasema alijitolea. Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inasema mkataba wa muda maalumu lazima uandikwe. Usipoandikwa unahesabiwa kuwa mkataba usio na mwisho. Basi chama kinachotaka mwalimu kwa miezi sita kiandike miezi sita, na tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na pande zote mbili zitie sahihi. Na anayejitolea naye apewe karatasi yake, inayosema kwamba anajitolea, atarudishiwa fedha za njia au la, na kwa muda gani. Kumwahidi mtu kazi ya baadaye ili afanye kazi ya bure leo ni kumkopa bila kumwambia.

Tatu, kila kazi ijulikane na watu wawili. Mhasibu awe na mtu anayejifunza hesabu pembeni yake. Mwenye kuandika miradi akae na kijana mmoja kila anapoandika. Hatuwezi kuzuia shirika kubwa lisimchukue mtu wetu, na wala tusimchukie huyo anayekwenda kutafutia watoto wake. Lakini asiondoke na chama chote kichwani mwake.

Nne, ni namna ya kumwondoa mtu. Hapo ndipo amani ya chama inapopimwa. Ukimfukuza mtu wa lugha nyingine kwa hasira, mbele ya watu, bila maandishi, hata kama alikosa kweli, jioni hiyo habari itafika mtaani kwamba kabila fulani limefukuzwa. Mwonyeni kwanza kwa siri. Mkimwonya tena iwe kwa maandishi. Mpeni nafasi ya kujitetea mbele ya kamati, akiwa na shahidi anayemtaka yeye. Mkiamua aondoke, mlipeni haki yake yote, na mkutano uambiwe sababu kwa maneno machache bila matusi.

Kuna mfano wa kutisha wa mahali ambapo ufunguo wa kazi uliachwa mikononi mwa wachache. Mwezi wa saba 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi wengi sana waliingia Goma kwa siku chache, na kambi zikajaa Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo. Wengi wao walikuwa raia waliochoka, na kipindupindu kiliwaua kwa maelfu. Lakini ndani ya kambi viongozi wale wale walioshiriki katika mauaji walishika madaraka. Waliongoza ugawaji wa chakula, waliongeza majina katika orodha, na msaada ukawatia nguvu waliotaka kurudi vitani. Mwezi wa kumi na moja 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi hizo kwa sababu hiyo. Anayeshika orodha anashika watu. Kwa hiyo orodha ya chama chenu, hata ikiwa ya sabuni na vikombe, isiandikwe na mtu mmoja, na isomwe mbele ya wote kabla ya kitu kugawanywa.

Ufunguo wa tatu: daftari

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Chama kidogo hakihitaji kompyuta. Kinahitaji madaftari manne tu. La kwanza ni la fedha zinazoingia na zinazotoka. La pili ni la vitu: cherehani, viti, majembe, na jina la anayevitunza. La tatu ni la mikutano, yaani nani alikuwepo na nini kiliamuliwa. La nne ni la watu: wanachama, wafanyakazi na mikataba yao.

Siku hizi fedha nyingi zinapita katika simu. Hapo kuna hatari mpya, maana simu ina mwenyewe na namba ya siri ni moja. Wekeni kanuni: kila fedha ikiingia, ujumbe wa simu uonyeshwe kwa watu watatu siku hiyo hiyo na kuandikwa daftarini kwa saa na tarehe. Na kila ikitoka, watu wawili waidhinishe kwa sahihi kabla ya kubonyeza.

Mshahara nao uwe wazi. Tunajua jambo hili linaleta aibu. Lakini mshahara uliofichwa hukua katika vinywa vya watu. Anayepata dola 80 atasemwa anapata 400. Afadhali watu wajue 80, wanung'unike siku moja, kisha wazoee.

Mwaka 2025 ulitufundisha jambo jingine juu ya daftari. Tarehe 20 mwezi wa kwanza serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Marekani ndiyo iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura hapa Kongo. Juma moja baadaye M23 iliingia Goma. Mabenki yalifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na wafanyakazi wengi wa mashirika wakabaki bila mshahara. Tarehe 1 mwezi wa saba mwaka huo shirika la USAID lenyewe likafikia mwisho wa kazi yake. Vyama vilivyokuwa na mfadhili mmoja tu viliona giza. Mtumai cha nduguye hufa masikini.

Kwa hiyo katika daftari lenu wekeni mstari mmoja wa mchango wa wanachama wenyewe, hata kama ni franga 500 kwa mwezi. Fedha hiyo haitalipa mishahara. Italipa madaftari, kalamu na njia ya mtu anayekwenda kuwaita wenzake. Chama chenye mchango wake mwenyewe kinaweza kukutana hata mfadhili akiondoka, na chama kinachokutana bado kipo. Na mfanyakazi aambiwe mapema, kabla ya miezi miwili, kwamba fedha zinakwisha. Anayeambiwa ukweli mapema atakasirika, lakini hatasema alidanganywa.

Watu wakitawanyika

Mtatuuliza: tutafanyaje mkutano mkuu, na nusu yetu wako Nakivale, wengine Goma, wengine wamerudi Bunagana? Swali hilo ni la haki.

Wakati wa hatari msishikilie sanduku. Gawanyeni fedha mapema, kila mtu na fungu lake, na mwandike. Madaftari yapigwe picha kwa simu tatu za watu watatu watakaoshika njia tofauti. Kisha kila kundi linalofika mahali lichague mjumbe wake, na wajumbe hao wasikilizane kwa simu siku moja ya mwezi. Asiwepo wa kusema, "Sisi tulio huku ndio chama cha kweli." Aliyebaki asimwite aliyekimbia mwoga, na aliyekimbia asimwite aliyebaki msaliti. Kila mmoja alitafuta uzima kwa njia aliyoiona.

Na msidhani kwamba watu walio ugenini hawawezi kujenga chama cha kudumu. Mwaka 2007 vijana wa Kongo waliokuwa wakimbizi mjini Kampala, akiwemo Robert Hakiza, walianzisha chama kinachoitwa YARID. Hawakuanza na mfadhili. Walianza na mpira wa miguu, ili vijana wa makabila yaliyokuwa yakishukiana wacheze pamoja, halafu wakaanza masomo ya Kiingereza, kwa sababu bila lugha ile hupati kazi Kampala. Walijibu shida waliyoiona kila siku, kwa nguvu walizokuwa nazo. Mwaka 2016 chama hicho kilipewa tuzo ya kimataifa ya Ockenden kwa kazi yake.

Neno kwa machifu na wakuu wa mitaa

Waheshimiwa viongozi, ninyi mna nafasi yenu, na nafasi hiyo ina mipaka. Mkiombwa kuwa walezi wa chama, kubalini. Mkiombwa kusikiliza ugomvi wa wanachama, kaeni na pande zote mbili siku moja, si mmoja asubuhi na mwingine usiku. Mkiombwa karatasi ya kushuhudia kwamba chama kipo katika mtaa wenu, iandikeni bila kungoja bahasha.

Lakini msidai kwamba mtoto wenu aajiriwe kwa sababu chama kiko kwenye ardhi yenu. Msichukue orodha ya wanaosaidiwa kuibadilisha nyumbani. Wala msikubali kupewa ufunguo wowote kati ya zile tatu. Chifu akishika ufunguo, ugomvi ukizuka hakuna tena wa kuuamua. Nguvu yenu ni kukaa nje ya sanduku, ili watu wote waweze kuwaamini.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika chama chetu, ni nani anayeshika muhuri, simu ya fedha na daftari? Je, ni mtu mmoja?

2. Kiongozi wetu akiugua miezi mitatu, ni kazi zipi zitasimama? Nani ataanza kujifunza kazi hizo juma hili?

3. Mara ya mwisho tulipompa mtu kazi, nafasi ile ilitangazwa wapi? Waliokosa waliambiwa sababu?

4. Je, kuna jamii au mtaa ambao watu wake hawamo katika kamati yetu? Wao wanasema nini juu yetu?

5. Mfadhili akiondoka kesho, tutaweza bado kukutana? Kwa fedha ya nani?

Msijaribu kuyamaliza yote kwa siku moja. Chukueni swali moja, lijibuni kwa ukweli, mkubaliane jambo moja la kubadilisha, mliandike daftarini na majina ya watakaolifanya. Juma lijalo someni mliyoandika. Na wale walio Uganda wapigieni simu, wasikie nao.

 Mungu awalinde mahali mlipo, na amani iwe nyumbani mwenu.